Zimwi Lililojua Jina la Nyanya

Naandika kutoka Kibugu. Najua nimepotea. Wale mliokuwa mkisubiri sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhifadhi nakala za data, niwieni radhi, itakuja. Leo nina jambo jingine kabisa, nalo lilianza kwa simu.

(Kwanza ufafanuzi: nikisema nyanya namaanisha mama mzaa baba. Ndugu zangu wa Tanzania, huyu ni bibi, hana uhusiano wowote na kachumbari. Sisi nyumbani tunamwita Cucu.)

Ilikuwa Oktoba mwaka jana, wiki ile bonasi ya majani chai inapoingia na kila mtu huku mlimani anatembea kwa maringo kidogo. Nyanya alikuwa nje akichambua maharagwe, simu ikalia. Kijana mwenye adabu. Hakusema "habari mteja". Alimwita kwa majina yake yote matatu, kwa mpangilio ule ule ulio kwenye kitambulisho: la ubatizo, la kuzaliwa, na la mume wake. Kisha akamweleza kwamba laini yake ina hitilafu, na kwamba pesa za bonasi zitarudi zilikotoka asipofuata maelekezo. Nyanya akafuata maelekezo. Kabla maharagwe hayajaisha kwenye ungo, shilingi 18,400 zilikuwa zimekwenda.

Nilifika jioni kutoka Embu mjini. Sikumgombeza, namshukuru Mungu kwa hilo. Nilimwuliza swali moja tu: "Cucu, mbona ulimwamini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Alijua jina langu."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani hadi leo. Imenikaa kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni nyanya huyu huyu aliyenifundisha kwamba kuitwa jina si sababu ya kufungua mlango. Ya pili nitaikiri huko chini, tukishazoeana.

Tulipokuwa wadogo umeme ulikuwa haujafika kwetu, na baada ya chakula cha jioni kazi ilikuwa moja: hadithi. Na hadithi za nyanya zilikuwa na irimu, yaani zimwi, karibu kila moja. Ile niliyoiogopa zaidi ni ya mama aliyewaficha watoto wake ndani ya nyumba yenye mlango mzito. Kila akirudi shambani aliimba wimbo wake, watoto wakimsikia wanafungua. Irimu akajificha kwenye migomba akasikiliza. Kesho yake akaja akaimba maneno yale yale bila kukosea hata moja. Lakini sauti ilikuwa nene, watoto wakacheka, wakakataa. Irimu akaenda kwa mganga. Mganga akamwambia atoe ulimi kwenye njia ya siafu wamuume mpaka sauti iwe nyembamba. Akavumilia. Akarudi akaimba. Mlango ukafunguliwa.

Hapo nyanya alikuwa ananyamaza kidogo. Kisha anatupa amri: ukiitwa usiku, hata kwa jina lako, hata kwa sauti ya mama yako, usiitike mara ya kwanza.

Nilipofika chuo kikuu na kuingia kwenye somo la usalama wa kompyuta, mhadhiri alieleza jinsi mshambuliaji anavyoweza kunasa ujumbe halali na kuurudia baadaye kama ulivyo, seva ikadhani ni mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanaandika haraka. Mimi nilikuwa nimetulia tuli. Nilishajua hii. Huyu ni irimu kwenye migomba.

Sasa tuje kwenye majina.

Mimi ni mpenzi wa hadithi za kubuni za wachawi na mazimwi, tangu nilipoanza kuazima vitabu. Humo kuna wazo moja linalorudi tena na tena: kwamba kila kitu kina jina la kweli, na anayelijua ana nguvu juu ya kitu hicho. Aliyelitumia vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mmarekani Ursula K. Le Guin katika A Wizard of Earthsea, kitabu cha mwaka 1968. Katika visiwa vyake kila mtu ana jina la kutembelea, linalotajwa sokoni, na jina la kweli linalojulikana na wachache mno. Kijana mhusika mkuu anaitwa Sparrowhawk mbele ya watu. Jina lake la kweli ni Ged.

Kuna sehemu mbili katika kitabu hicho ambazo kila mtu anayeandika programu angepaswa kuzisoma.

Ya kwanza: Ged anakwenda kukabiliana na joka mzee katika kisiwa cha Pendor. Hana nguvu za kumshinda. Ila alipokuwa shuleni alisoma historia za kale, akalinganisha habari za majoka, akakisia kwamba huyu huenda akawa Yevaud. Analitaja jina. Joka analegea. Angalia vizuri kilichotokea hapo. Ged hakuiba siri yoyote. Alisoma kumbukumbu zilizokuwa wazi kwa kila mwanafunzi, akapiga hesabu. Joka aliangushwa na maktaba.

Ya pili: wakati Ged amevunjika moyo na hajiamini tena, rafiki yake anayeitwa Vetch anamwambia jina lake la kweli, Estarriol. Hamwombi chochote. Anampa tu, kama zawadi. Kwa hiyo jina lile lile linaloweza kutumika kama silaha, likitolewa kwa hiari linakuwa uthibitisho wa urafiki.

Mwaka 1981 Vernor Vinge, profesa wa hisabati ambaye baadaye alifundisha pia sayansi ya kompyuta, akalihamishia wazo hili kwenye mtandao. Hadithi yake inaitwa True Names. Wadukuzi wanakutana katika ulimwengu wa kompyuta wakiwa wamevaa majina ya kubuni, na hofu yao kubwa ni serikali kujua majina waliyozaliwa nayo. Mhusika mkuu anakamatwa kwa njia hiyo hiyo: wakishajua jina lake, hawahitaji kumpiga. Anafanya wanachotaka. Kumbuka hii iliandikwa miaka mingi kabla ya wengi wetu kuona kompyuta yoyote.

Haya yote ni matamu kuyasoma. Shida ni kwamba nilipoyaleta nyumbani Embu, yaligoma kufanya kazi. Kwa sababu sisi majina yetu hatuyafichi. Sisi majina yetu yanapigiwa hesabu.

Kwa wasiotujua, kanuni ya Waembu (na majirani zetu Wakikuyu) ni hii:

1. Mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba.
2. Wa pili wa kiume, jina la babu mzaa mama.
3. Wa kwanza wa kike, jina la nyanya mzaa baba.
4. Wa pili wa kike, jina la nyanya mzaa mama.
5. Wanaofuata, majina ya ndugu za wazazi kwa zamu.

Unaweza kuiandika kanuni hiyo kwa mistari michache ya programu. Tuseme babu anaitwa Njeru na ana wana watano walio na watoto. Basi jiandae kukutana na akina Njeru watano, binamu kwa binamu, wengine darasa moja. Mwalimu anachanganyikiwa. Hifadhidata inachanganyikiwa zaidi. Sisi hatuchanganyikiwi, kwa sababu nyumbani kila Njeru ana jina la utani, na la utani halimo kwenye kitambulisho.

Na kanuni hii si mchezo wa hesabu. Ina maana nzito. Babu akipata mjukuu mwenye jina lake, amerudi. Nimemwona nyanya akimwita mtoto wa miaka mitatu "mume wangu" na kumpa kipande kikubwa cha nyama, na hakuna aliyecheka. Jina kwetu lipo ili litajwe. Likifichwa linakufa, na aliyelibeba kabla anakufa mara ya pili. Le Guin aliwapa watu wake majina ya kufichwa. Wazee wetu walitupa majina ya kurudishwa. Ni nguvu zote mbili, ila zinavuta pande tofauti.

Sasa ungamo.

Miaka miwili iliyopita niliandika mfumo mdogo wa kutunza hesabu za kikundi cha akiba hapa kwetu. Wanachama 63, wengi wao wakulima. Kulikuwa na tatizo la watu kupoteza simu na kutaka kubadilisha namba ya kupokelea pesa. Nilihitaji njia ya kuthibitisha kwamba anayeomba ni mwanachama mwenyewe. Ilikuwa saa saba usiku, nilikuwa nimechoka, na kwenye mifumo ya kigeni nilikuwa nimezoea kuona swali la jina la ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Nikaona nifanye yangu ya Kiafrika. Nikaandika: "Taja jina la babu yako mzaa baba."

Soma tena kanuni ya kwanza hapo juu.

Mimi mwenyewe ni kifungua mimba. Jibu la swali langu la usalama limechapishwa kwenye kitambulisho changu. Si hilo tu, ni jina langu! Na kwa asiyekuwa kifungua mimba, tafuta kaka yake mkubwa umwulize anaitwaje.

Mfumo ulifanya kazi hivyo kwa miezi saba. Aliyegundua si mimi na shahada yangu. Ni mweka hazina wa kikundi, mama wa miaka hamsini na kitu, siku nilipokuwa namwonyesha kurasa mpya. Alicheka mpaka akashika meza. "Kijana, hili swali umemwekea nani? Mimi nawajibia hawa wote nikiwa jikoni kwangu."

Hakuna pesa iliyopotea, nilikagua kila badiliko mara mbili. Lakini nyanya alipotapeliwa, sikuweza kukaa nikimlaani yule kijana wa simu kwa raha. Yeye alimwita nyanya kwa jina, nyanya akafungua. Mimi nilikuwa nimejenga mlango unaofunguka vivyo hivyo, nikaupa watu 63.

Na huyo tapeli hakuhitaji hata kuwa mdukuzi. Huduma za kutuma pesa kwa simu zimekuwa na desturi ya kukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha, ili usimtumie mtu asiyehusika. Ni kinga nzuri. Ila mtu akiwa na namba tu, ameshapata na jina. Joka limeangushwa na maktaba tena.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nimeufikiria usemi huo sana tangu Oktoba. Nadhani neno zito humo ni kujua. Yule kijana hakumjua nyanya. Alijua jina lake. Mifumo yetu, wangu ukiwemo, inayachukulia mambo hayo mawili kama kitu kimoja.

Basi hadithi za kale zilitatuaje? Hapa ndipo mchezo wa maneno unapoingia.

Mgiriki Odysseus, akiwa amefungiwa pangoni na zimwi la jicho moja, anaulizwa jina. Anasema anaitwa Hakuna Mtu. Usiku analitoboa zimwi jicho. Zimwi linapiga yowe, majirani wanakuja kuuliza nani anakuumiza, nalo linajibu: "Hakuna Mtu ananiua!" Majirani wanarudi kulala. Safi kabisa. Lakini akiwa tayari baharini, amepona, majivuno yanampanda. Anageuka na kupaza sauti kutaja jina lake halisi. Zimwi linalichukua jina hilo na kulipeleka kwa baba yake, Poseidon, mungu wa bahari. Laana ikapata anwani. Miaka ya mateso ikafuata.

Kwetu pwani tuna mwenzake, na binafsi namwona bora zaidi: Fumo Liyongo. Kisa chake kimesimuliwa kwa karne nyingi, na Edward Steere alikichapisha kwa Kiswahili London mwaka 1870. Liyongo, shujaa na mshairi, amefungwa na mfalme anayemwogopa. Walinzi wako mlangoni. Chakula anacholetewa na kijakazi wanakula wao, wanamwachia mabaki. Kwa hiyo Liyongo anamtumia mama yake ujumbe kwa wimbo: aoke mkate, na ndani yake aweke tupa. Mama anaelewa. Anaoka mikate mizuri, na mmoja wa makapi, na tupa zinakwenda kwenye ule wa makapi. Walinzi wanachukua mizuri, wanamtupia mfungwa ule mbaya. Kisha ngoma zikapigwa, na katika kelele za ngoma Liyongo akakata minyororo yake.

Unaona ufundi wa mama huyo? Hakujificha. Mkate wenye tupa ulipita mbele ya macho ya walinzi, na ni walinzi wenyewe waliompa mfungwa. Kinga haikuwa giza. Kinga ilikuwa kwamba mama alimjua mwanawe, na aliwajua walinzi na tamaa yao.

Watoto wa pwani nao walikuwa na kinyume, kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele: mbuzi anakuwa zimbu. (Kwa hesabu hiyo mimi natoka Gukibu.) Vijana wa Sheng wanafanya yao hadi leo. Kazi ni ile ile: neno linatamkwa hadharani, maana inabaki kwa wenyewe.

Lakini kisa cha Liyongo hakikuishia gerezani, na mwisho wake siupendi, kwa hiyo lazima niuseme. Hakuna silaha iliyoweza kumwua isipokuwa sindano ya shaba akichomwa kitovuni. Hiyo ndiyo ilikuwa jina lake la kweli, ukitaka kuliita hivyo. Maadui wakamtuma mwanawe mwenyewe akamwulize. Baba alishuku, na bado akamwambia. Mtoto akamchoma baba akiwa usingizini. Hakuna hesabu ya kompyuta inayozuia hilo. Siri unayompa mtu ina nguvu sawa na huyo mtu, basi. Vetch alimpa Ged jina lake, wakabaki marafiki. Liyongo alimpa mwanawe siri yake, akafa. Kitendo kilikuwa kimoja.

Kwa upande wa kikundi cha akiba, nilirekebisha. Sasa kila mwanachama ana namba ya siri aliyoichagua mwenyewe, na anayetaka kubadilisha simu anafika mbele ya mweka hazina ana kwa ana. Si teknolojia ya kushangaza. Mweka hazina anawajua watu, na hiyo kazi ya kujua nimemrudishia yeye.

Nyumbani tulikuwa na tatizo gumu zaidi. Namba ya siri nyanya anaisahau au anaiandika ukutani. Sauti pia haitoshi siku hizi; kuna programu zinazoiga sauti ya mtu kutokana na sekunde chache tu za rekodi, na hizo hazihitaji hata kuumwa na siafu. Nilikuwa nimeanza kumweleza mambo yangu ya kitaalamu nyanya akanikatiza.

"Tutatumia kitendawili," akasema.

Nikamwambia Cucu, vitendawili kila mtu anavijua. Nyumba yangu haina mlango, jibu ni yai, liko kwenye vitabu vya shule. Akaniambia kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: ndiyo maana hatutatumia jibu la vitabuni.

Nilipokuwa na miaka mitano hivi, aliwahi kunitegea kitendawili fulani mbele ya wageni, nami nikatoa jibu la kijinga lililomhusu babu, ambaye alikuwa ameketi pale pale. Babu alicheka zaidi ya wote. Jibu hilo likawa utani wa nyumba yetu mpaka alipofariki. Halimo kwenye kitambulisho chochote. Huwezi kulipigia hesabu kwa kujua tumezaliwa wa ngapi. Linajulikana na waliokuwepo jioni ile, na waliosimuliwa na waliokuwepo. Basi likawa neno la siri la familia. Sitawaambia ni lipi, na kitendawili chenyewe sicho hicho cha yai, kwa hiyo msijisumbue.

Mwezi wa pili nilibadilisha laini. Nikampigia nyanya alfajiri, namba asiyoijua.

"Cucu, ni mimi."

Kimya. Kisha: "Kitendawili."

"Tega."

Akatega. Nami, usingizi ukiwa bado machoni na miaka yote ya shule ikiwa kichwani, nikatoa jibu sahihi, lile la vitabuni.

Akakata simu.